Kipimo cha Mguu wa Kulia

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Ujiji tangu alfajiri, na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, bado inadondoka juu ya bati. Umeme umekatika. Naandika kwa simu yenye chaji asilimia thelathini, kwa hiyo nikiishia katikati mjue ni chaji, sijafa.

Nimeandika neno hilo kwa utani, nikalitazama, nikataka kulifuta. Nimeliacha.

Leo asubuhi nimeambiwa nina saratani ya mfupa. Iko kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Sentensi hiyo nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona inamhusu mtu mwingine, dada fulani wa Katubuka ambaye habari zake nimezisikia sokoni, nikasema maskini, Mungu amsaidie, kisha nikaendelea kuchagua nyanya.

Wanaonisoma hapa wananijua kwa vitenge. Mimi ni Zaituni, fundi cherehani, nina miaka thelathini na saba, nashona barazani kwa mama yangu. Huwa naandika kuhusu wateja wanaoleta kitambaa cha mita mbili wakitaka gauni la mita nne, halafu wananuna. Leo sina kisa cha mteja.

Mikono yangu imepoa. Nimeshika kikombe cha chai tangu adhuhuri na sijui nimekinywa au ni mama aliyekimwaga akanimiminia kingine.

Nianze na asubuhi.

Nilikwenda hospitali na mama. Mume wangu, Haruna, yuko Kalemie na boti ya mizigo, anarudi Jumamosi. Tuliitwa kwa sababu majibu ya kipande cha uvimbe walichonikata mwezi uliopita yalikuwa yamerudi kutoka Mwanza. Nilivaa dera langu la bluu na kandambili, maana mguu wa kulia hauingii kwenye kiatu tangu mwezi wa saba. Ya kulia nimeikata mkanda mmoja ili uvimbe upate nafasi. Njiani mama alikuwa ananisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula maharage yaliyoanikwa, nami nilicheka kweli. Nakumbuka hicho kicheko kwa sababu ndicho cha mwisho kabla sijajua.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akasogeza kiti chake karibu badala ya kukaa nyuma ya meza. Mtu mwenye habari njema hana haja ya kusogeza kiti.

Akasema ni saratani. Akasema imeanzia kwenye mfupa wenyewe, haikutoka sehemu nyingine ya mwili. Akatuonyesha kwenye picha ule mfupa unaokaa juu ya kisigino na kuubeba mguu wote. Mfupa mzima kwenye picha ni mweupe na una kingo safi. Wangu ulikuwa na kingo zilizoliwa, na pembeni yake kuna madoa madoa, kama unga umemwagika. Alisema aina yangu inatokana na gegedu, ile laini inayokaa kwenye maungio, na kwamba hukua polepole, ndiyo maana nimetembea nayo zaidi ya mwaka nikidhani ni kitu kingine.

Nilikuwa namsikia. Nataka mjue kwamba nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Ila nilikuwa natazama kola ya koti lake, nikiona mshono wake umepinda, na najiuliza ni fundi gani huyo aliyemshonea.

Niliuliza kama kuna dawa. Akasema aina hii haisikii sana dawa za dripu wala mionzi, dawa yake ni kuikata yote na kuacha pembeni sehemu iliyo safi. Nikamuuliza kama hawawezi kuutoa huo mfupa mmoja tu. Hakunicheka. Alinishika mguu, akanionyesha kwa kidole jinsi mifupa ya pale ilivyobanana, na mishipa ya damu na ya fahamu inavyopita katikati yake bila nafasi. Uvimbe ukishavuka kwenda kwenye mfupa wa jirani, na wangu umevuka, ukichokonoa kidogo kidogo unaacha mbegu. Mapafu nilipimwa Mwanza na yako safi. Hilo alilisema mara mbili, akitaka nilishike.

Halafu akaweka kiganja chake kwenye ugoko wangu, kama shubiri moja chini ya goti, na kusema watakata hapo.

Hapo.

Sikulia. Nilimuuliza swali la kijinga, nikamuuliza nitakanyagaje cherehani. Akauliza huwa nakanyaga kwa mguu upi. Nikasema huo huo alioushika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya niandike leo badala ya kujifunika shuka.

Daktari aligeuza mguu wangu kwenye mwanga, akaona ukingo wa kucha zangu. Ni za rangi ya chungwa, rangi ya mawese, na haitoki hata kwa sabuni ya magadi. Akauliza ni nani alikuwa ananikanda.

Mama alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Lazima niwaeleze mama yangu ni nani. Ni mkandaji. Toka Mwanga mpaka Kibirizi, mtu akiteguka, akianguka na ndoo, akiumia kwenye mpira, ataambiwa nenda Ujiji kwa Bi Tausi. Unakwenda na chupa yako ya mawese, anayapasha moto kwenye kifuniko cha sufuria, anakukanda, kisha anakufunga kwa kipande cha kitenge. Vipande hivyo navikata mimi, kutoka mabaki ya nguo za wateja. Mama akikanda na ukapiga kelele, anafurahi, kwa sababu maumivu maana yake mshipa unarudi mahali pake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na watu wengi mno wamesimama na kutembea kwa mikono hiyo.

Nikamjibu daktari haraka. Nikasema kuna bibi mmoja mtaani.

"Ni mimi," mama akasema. "Bibi huyo ni mimi, mwanangu."

Daktari akamwambia kwa upole kwamba kukanda hakuleti ugonjwa huu, na hata asingekanda ungekuwepo. Lakini uvimbe mgumu usioisha haukandwi, na muda tuliokuwa nao umepotea. Mama aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Nami ningeweza kusema neno pale. Sikulisema.

Upasuaji ni Jumanne. Kuna fomu ya kukubali, na nilipopewa kalamu nikamwomba daktari nisaini kesho. Akakubali, ila akasema isipite kesho. Tulipokuwa tunanyanyuka akauliza jambo la mwisho, kwa sauti ya chini, akasema samahani, huwa wanaziuliza familia zote: mguu wenyewe tutauchukua, au waache hospitali iushughulikie?

Jamani. Sikuwa nimefika huko. Kichwani mwangu mguu ulikuwa unakatwa, basi, unatoweka. Sikuwa nimefikiri kwamba baada ya kukatwa utakuwa bado ni kitu, una uzito, una kucha za rangi ya chungwa, na utahitaji kwenda mahali.

"Tutauchukua," mama akasema.

Kwenye bajaji nilimpigia Haruna. Nilipomaliza kumweleza, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akauliza nimekula nini. Nilikuwa sijala, na hapo ndipo machozi yalipotoka, mbele ya dereva, kwa swali la chakula.

Nimekaa barazani nikikumbuka ilivyoanza. Ilikuwa maumivu kidogo tu ya kukanyaga pedeli, jioni, baada ya kushona sare za harusi. Fundi gani haumwi mguu? Baadaye nikagundua kitu cha ajabu, kwamba nikishona mguu unatulia, nikilala ndio unauma. Kuteguka hakuko hivyo. Kuteguka ukipumzika kunapumzika. Nililijua hilo, mimi niliyelelewa na mkandaji, na nikajifanya silijui.

Halafu swala. Kwenye kikao cha tahiyatu mguu wa kulia unausimamisha, vidole vinakunjwa kuelekea kibla. Siku moja haukukunjika. Nikakaa upandeupande, nikasema kesho utakunjika. Baadaye nikaanza kuswali juu ya kiti, na mama akawa ananiangalia kutoka kwenye mkeka wake.

Sasa nasema lile ninalolikwepa tangu mstari wa kwanza.

Ramadhani iliyopita, mama alikuwa ananikanda baada ya futari. Katikati ya kukanda mkono wake ulisimama. Akapapasa, akarudi, akapapasa tena. Akasema hapa pana kitu, Zai, huu si mshipa, nenda ukapigwe picha. Nilikuwa na nguo ishirini na nane za Idi juu ya meza. Nikamwambia nitakwenda baada ya Idi. Idi ikapita. Nikatoka siku moja asubuhi nikiwa nimevaa vizuri, nikaenda duka la dawa pale karibu na soko, nikanunua vidonge vya maumivu, nikarudi nikamwambia nimepigwa picha na wamesema ni mshipa tu.

Nilimdanganya mama yangu. Niliogopa. Sikuogopa kwamba nina saratani, maana hilo neno halikunijia kabisa. Niliogopa kuambiwa nipumzike wiki sita, na wateja waende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo mama aliendelea kunikanda miezi yote hiyo akiamini hospitali wameshauona mguu, mpaka mwezi uliopita nilipozidiwa nikaenda kweli, wakanituma Mwanza. Na leo amekaa kwenye benchi akajibebesha kosa lote peke yake, mbele ya daktari anayelingana na mjukuu wake, nami nikamwachia alibebe.

Mchana huu alikuja mwanamke mmoja kutoka Katubuka, ameanguka kwenye matope, kiwiko kimevimba. Alikuwa na chupa yake ya mawese kwenye mfuko. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka sebuleni na nilisikia kila kitu. Mama alimkaribisha, akamuuliza habari za nyumbani, akamwambia aende hospitali akapigwe picha kwanza. Yule mama akacheka akidhani ni utani. Akasema ametoka mbali, mvua hii, na kiwiko ni kidogo tu, Bi Tausi si anakijua. Mama akamrudia maneno yale yale, polepole. Kisha akamwambia mikono yake imestaafu.

Miaka arobaini, na imestaafu leo mchana, kwa sababu ya uongo wangu.

Nilinyanyuka nikaenda barazani kwa mkongojo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha kushonea, mgongo kwa barabara. Akaanza yeye. Akasema ameshampigia ustadhi wa msikitini kumuuliza, na ustadhi amemwambia kiungo cha mtu aliye hai hakiswaliwi, kinafunikwa vizuri na kuzikwa kwa heshima. Atauzika pembeni ya kaburi la baba. Atakwenda na kaka yake, na hataki nishughulike na lolote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuharibu na yeye ndiye atakayeustiri.

Nikamwambia, "Mama, ile siku baada ya Idi sikwenda hospitali."

Hakugeuka. "Najua."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza alijuaje.

"Mtu akipigwa picha anarudi na bahasha kubwa. Wewe ulirudi na kimfuko cha vidonge."

Mvua ilikuwa inapiga kwenye ndoo chini ya mchirizi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniuliza, kwa nini alinyamaza miezi yote na kuendelea kunikanda kila Ijumaa.

"Ningekuuliza, ungekwenda," akasema. "Ungekwenda, wangetuambia hiki walichotuambia leo."

Nilikasirika. Naandika ukweli, nilimkasirikia mama yangu kiasi kwamba masikio yalipata moto. Wewe mwenye mikono inayojua kila mfupa wa Ujiji, ulijua, ukanyamaza! Nilitaka kuyasema hayo. Kisha nikaona kwamba kila neno nililotaka kumrushia lilikuwa langu. Tulikuwa wawili tumekaa na mguu mmoja katikati yetu kila Ijumaa, mmoja anakanda na mwingine anapiga kelele, na wote tunajua, na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue. Sijui jambo hilo linaitwaje.

Alinivuta nikakaa kwenye kigoda. Akauchukua mguu wa kushoto, huu mzima, akauweka mapajani mwake. Bila mafuta, bila chochote, akaanza kuukanda kwa vidole gumba, kisigino kwenda juu. Akasema huu sasa ndio wa kuutunza, utafanya kazi ya wawili. Nikamwambia kwamba yule mama wa Katubuka akirudi na picha yake na haina tatizo, amkande. Hakukataa.

Baadaye akaingia ndani. Alirudi na kipande cha bafta nyeupe, ile ya sanda, kilichobaki kwenye msiba wa shangazi, akakiweka juu ya cherehani.

"Nikatie wewe," akasema. "Mimi sijui kupima."

Nilikitazama kile kitambaa muda mrefu. Nimekata bafta mara nyingi, kila fundi wa Ujiji ameshaamshwa kwa ajili ya bafta. Haishonwi kwa mbwembwe, unapima, unakata, umemaliza. Sijawahi kukata ya mtu ambaye damu yake bado ina joto, anayekunywa chai.

Lakini kumbe mikono inajua kazi hata kichwa kikiwa hakipo. Nilichukua futi yangu shingoni, mama akashika upande wa pili. Kutoka shubiri moja chini ya goti mpaka kisiginoni, inchi kumi. Unyayo, inchi tisa na nusu. Mzunguko wa kifundo, inchi kumi na tatu. Nikapima na cha kushoto, sijui kwa nini. Inchi nane na nusu. Mama alikiona kipimo hicho nami nikakiona.

Nikafungua daftari la wateja, nikaandika jina langu kama ninavyoandika ya wengine: Zaituni, bafta, mguu wa kulia. Nilipofika kwenye mzunguko wa kifundo mkono ukaongeza inchi moja na nusu ya kupwaya, kwa mazoea tu, kama ninavyowafanyia watoto wa shule ili sare iwafae na mwaka ujao.

Nikaitazama hiyo inchi moja na nusu, nikaikata kwa kalamu. Mguu huu umeshakua vya kutosha.

Chaji imebaki asilimia kumi na moja. Mama anaita magharibi imeingia. Nitatawadha, nitaosha miguu yote miwili mpaka kwenye vifundo, na nitaanza na wa kulia kama kawaida. Kesho asubuhi nakwenda kusaini, na mama nimemwambia nitasaini nikiwa nimemshika mkono, anipe wa kulia.

Kwenye daftari, pale pa siku ya kuchukua, nimeandika Jumanne. Pale pa jina la atakayechukua, nimeandika la mama.